Nyumba ya Njoro Iliyokuwa na Sinema Yake

Tangu nistaafu sijatulia. Mke wangu ananiambia nikae, nami nakaa, kisha najikuta nimesimama dirishani najaribu komeo ambalo halina neno. Nikienda matanga, macho yananipanda kwenye dari kutafuta mahali panapovuja. Kazi ya kuonyesha watu nyumba imeniharibu kabisa. Siwezi kuingia kwa mtu bila kutaka kujua jua linamchomozea upande gani. Basi ninyi vijana mliobaki ofisini mliponiomba niandike machache juu ya kazi, nilifurahi kuipa mikono yangu shughuli. Vyeo na mishahara sitavitaja. Vyeo vilichelewa, na mishahara ilikuwa ya kuchekesha. Nitawaambia habari za nyumba moja tu, kwa sababu kila nikijaribu kukaa ndiyo inayonijia.

Niliingia kazi hii Nakuru miaka ya hamsini, hali ya hatari iliyotangazwa na serikali ya wakoloni ikiwa bado inatawala nchi. Baba yangu alikuwa fundi wa reli, Mmaragoli, na alitaka nimfuate karakana. Nilijaribu. Nilishindwa kusimama mahali pamoja kutwa nzima, na msimamizi akanishauri nitafute kazi ya kutembea. Ndipo nikaajiriwa na Bwana Somji, Mhindi aliyekuwa na ofisi ya kuuza nyumba na mashamba ya wazungu. Wazungu wengine walikuwa wanafunga virago, wengine walikuwa wanaingia wakitafuta bei rahisi, na hakuna aliyejua kesho itakuwaje. Mji mzima ulikuwa kama abiria anayengoja gari la moshi bila kuambiwa litafika lini. Hali hiyo ilinifaa, maana hata mimi sikuwa na utulivu.

Aliyenifundisha kazi si Bwana Somji bali Mzee Barasa, tarishi wa ofisi, aliyekuwa amezeeka na bunda la funguo kiunoni. Siku yangu ya kwanza alinipeleka kwenye nyumba tupu karibu na ziwa. Ziwa lilikuwa limekauka pembeni, na vumbi jeupe la magadi lilikuwa limeingia hadi ndani ya kabati. Nilianza kumweleza jinsi nitakavyowasifia wageni nyumba ile. Akanikatiza.

"Wewe kijana, fungua dirisha kwanza. Mdomo utafungua baadaye."

Alinionyesha kuwasha moto kidogo mekoni asubuhi ili harufu ya unyevu itoke. Alinifundisha kutembea nyuma ya mgeni, kamwe si mbele. Alisema anayesifu kila kitu hanunui, anayelalamika juu ya bomba ndiye wa kufuatwa. Na alisema neno moja nililolicheka: "Memsahib anaangalia nyumba, lakini mpishi ndiye ananunua." Nilidhani mzee anatafuta kuchekesha. Mcheza kwao hutuzwa, nami nikamtuza kicheko.

Nyumba ninayotaka kuwaambia ilikuwa juu ya Njoro, upande wa kupandia Mau, kwenye shamba la ngano na pareto. Mwenyewe alikuwa mzungu mrefu, mkimya, ambaye wafanyakazi walimwita Bwana Picha kwa sababu hakutembea bila kamera yake ya sinema. Mkewe alikuwa amekufa. Yeye alikuwa amehamia mjini kwa dada yake, akingoja nyumba iuzwe ili apande meli aende zake. Nyumba yenyewe ilikuwa nzuri: mawe, paa zuri, maji ya chemchemi yasiyokatika. Lakini ubavuni mwake Bwana Picha alikuwa amejenga chumba cha sinema.

Ninyi siku hizi mna televisheni hata kwenye vibanda, kwa hiyo lazima niwaeleze. Chumba kile hakikuwa na dirisha hata moja. Kuta zilivikwa kitambaa cheusi kizito kutoka juu hadi chini. Viti vilikuwa vya mahameli nyekundu, na sakafu iliteremka, ili wa nyuma aone juu ya kichwa cha wa mbele. Nyuma palikuwa na kijumba kidogo cha mashine yenyewe, na nje kulikuwa na jenereta iliyonguruma mpaka ukaisikia ukiwa barabarani. Bwana Somji alipokiona mara ya kwanza alishika kichwa kwa furaha.

"Zakayo, umeona? Iko sinema ndani ya nyumba! Hata Gavana iko hii? Nani nakataa?"

Akaandika tangazo, sinema juu, maji na mashamba chini. Mimi nilifundishwa na Bwana Picha mwenyewe kuendesha ile mashine, kupitisha mkanda kwenye meno yake bila kuukata, na kila mgeni alipokuja nilitakiwa kumwonyesha mkanda mmoja. Bwana Somji alichagua ule ambao Bwana Picha aliupiga mwenyewe shambani wakati wa kuvuna pareto, miaka michache kabla ya fujo kuanza. Hoja yake ilikuwa kwamba mtu ataona shamba lote akiwa ameketi. Mkanda ule haukuwa na sauti. Niliuona mara nyingi hata nikawajua wavunaji kwa sura, hasa jamaa mmoja aliyevaa koti la jeshi juani, ambaye alitembea moja kwa moja kuelekea kamera, akatua kikapu chake, akavua kofia, akacheka.

Wageni walikuja, tena kwa wingi. Hilo ndilo jambo la kwanza sinema hufanya kwa nyumba inayouzwa: inaleta watu. Jambo la pili ni kwamba inaleta watu wa sinema. Kulikuwa na mkulima wa Rongai aliyekuja mara tatu; mara ya pili alileta shemeji zake na mara ya tatu alileta chupa. Alikaa kwenye mahameli, akauliza kama hatuna mkanda mwingine, akanipa mkono, akaenda zake. Walikuwapo pia wanunuzi wa kweli, wale waliogonga mabomba na kuinama chini ya sinki. Hao walipofika kwenye chumba cha sinema walisimama mlangoni. Mama mmoja mzungu aliweka chungwa la mtoto sakafuni, likabingirika lenyewe hadi mbele. Akacheka. Kisha akaniuliza, "Hii chumba, mimi taweka nini? Kitanda itatembea!"

Lakini sakafu inaweza kusawazishwa, na hata wale waliosema wataisawazisha hawakurudi. Miezi ilikwenda. Bwana Somji alishusha bei kidogo, kisha akaninyooshea kidole. Alisema kama ile nyumba haitauzwa kabla ya mvua ndefu, atatafuta kijana mwingine mwenye ulimi. Sikulala vizuri. Mwafrika bila kazi mjini siku zile hakuwa na pa kujificha. Angeulizwa karatasi kila kona mpaka arudi kwao. Nilikuwa nakwenda Njoro hata siku ambayo hakuna mgeni, nafungua madirisha, nafunga, nafungua tena.

Ndipo nikakumbuka neno la Mzee Barasa, na mgeni aliyefuata alipokuja sikumfuata yeye. Nilimfuata mpishi wake. Wageni waliingia vyumba vya mbele, mpishi akazunguka nyuma kwenye kambi ya wafanyakazi, kama ilivyokuwa desturi, kuuliza maji yako wapi, kuni ziko wapi, na mzungu wa hapa alikuwa mtu wa namna gani. Nikakaa kando, kama mtu anayetafuta ufunguo ulioanguka. Mzee aliyelinda ng'ombe hakumjibu juu ya maji wala kuni. Alisema, "Ndugu yangu, hiyo nyumba iko na chumba haina dirisha. Wakati wa kushika watu, jenereta ilikuwa inalia mchana. Mchana! Sinema gani ya mchana?"

Mpishi hakuuliza tena. Jioni yake, bila shaka, alimwambia memsahib wake kwamba maji ya pale ni mabaya, au kuna nyoka, au yeye anataka kurudi kwao. Hakuna mzungu aliyekubali kupoteza mpishi mzuri kwa ajili ya nyumba. Kumbe tulikuwa tunakataliwa jikoni siku zote hizo, na Bwana Somji anashusha bei sebuleni.

Baada ya hapo wakaja watu wa Gilgil, bwana na mkewe, wenye watoto pacha. Mama alilalamika tangu mlangoni: bomba, jiko, rangi, kila kitu. Nikamkumbuka Mzee Barasa, nikapata tumaini. Walikuwa wamekuja na yaya wao, mwanamke wa Kikuyu aliyeitwa Wanjiru, naye alikuwa na binti yake mdogo, Njeri, wa kama miaka mitano. Wanjiru hakushuka garini. Memsahib alimwita aje aone mahali watoto watakapolala. Alitikisa kichwa, akasema kichwa kinamuuma. Nilipopeleka maji nilimwambia kwa sauti ya chini, "Mama, nyumba haina neno."

"Wewe unaijua?" akaniuliza. "Mimi nilikaa hapa. Huyu mtoto alikuwa tumboni. Bwana yangu aliitwa kwa nyumba asubuhi, akaingia na mlango ya mbele. Hakutoka. Kesho yake lori ilikuja na upande ya nyuma, halafu sisi wengine tukafukuzwa."

Nilimuuliza kama alipata habari zake. Alisema alikwenda kila kambi iliyokuwa na waya wa kuzungushia watu, akauliza, akaambiwa alitoroka akaingia msituni. "Hata picha sina," akasema. "Ile ya kipande, karatasi ya kazi, alienda nayo. Huyu ananiuliza baba anafanana aje. Namwambia alikuwa mrefu. Alikuwa na koti ya vita, alirudi nayo Burma, hawezi kuitoa hata jua ikiwa kali. Nitamwambia nini tena?"

Nilijua mtu huyo anavyocheka. Nilikuwa nimemwona akicheka mara nyingi kuliko nilivyomwona ndugu yangu.

Nikamwambia yumo kwenye mkanda. Hakuniamini, na nisingemlaumu. Alinitazama kama mtu anayeuza kitu kibovu. Kisha akasema maneno ambayo yalikuwa biashara, lakini hayakuwa na uchoyo ndani yake: "Memsahib ananisikia. Nikisema hatuji, hatuji. Wewe nionyeshe. Kama ni uongo, nyumba yako itakaa hapa mpaka ianguke."

Nafasi ilipatikana walipokuja mara ya pili. Bwana Somji aliwachukua mume na mke kwenda kuona chemchemi, juu kabisa ya shamba, na pacha walikuwa wamelala kwenye kivuli cha gari, dereva wao akiwaangalia. Amri ya ofisi ilikuwa wazi: chumba kile ni cha wanunuzi tu. Niliwasha jenereta. Ilipoanza kunguruma Wanjiru alisimama ghafula kule nje, akamvuta Njeri kwenye sketi yake. Nilitamani kuizima. Bila jenereta hakuna mashine, na bila mashine sina cha kumwonyesha.

Aliingia. Aligusa ukuta, kile kitambaa cheusi, akaufuata ukuta kwa kiganja chumba kizima, polepole, kama mtu anayetafuta mlango mwingine. Hakukaa kwenye kiti. Aliketi chini kwenye ile sakafu ya mteremko na kumpakata mtoto.

"Mlango usifunge," akaniambia.

Nikauacha wazi, nikaendesha mkanda. Lakini sinema inataka giza. Mwanga wa mchana uliingia kupitia mlangoni ukaosha chote kitambaa cheupe kilichotundikwa mbele kwa ajili ya picha. Walionekana wavunaji kama moshi, watu wasio na nyuso. Kivuli cha mtu mrefu kikaja, kikatua kitu, kikainua mkono. Wanjiru alikuwa amenyoosha shingo.

"Ni yeye? Simuoni. Ni yeye?"

"Ni mwanga, mama. Mpaka nifunge mlango."

Nilisimamisha mashine. Bwana Somji angeweza kurudi wakati wowote na kazi yangu ikaishia pale. Hata hivyo sikumharakisha. Alikuwa amekaa ndani ya chumba kile, jenereta ile ikilia, na mimi, mtu asiyemjua, nilikuwa nimeshika mlango. Sijawahi kuona mtu akipima jambo zito namna ile. Alimfunika Njeri kwa leso yake, akamshika kwa nguvu.

"Funga," akasema.

Nilifunga nikaanza tena. Giza lilikuwa la kweli. Pareto ikaonekana nyeupe mlimani, akina mama, vikapu, kisha akatokea yeye, mrefu, koti lake la jeshi limefungwa vifungo vyote, akitembea kutujia. Akatua kikapu. Akavua kofia. Akacheka, meno yote nje. Wanjiru hakulia, wala hakupiga kelele. Alimwambia mtoto kwa Kikikuyu maneno mafupi, na hata mimi nisiyeijua lugha hiyo nilielewa kwamba anamwambia, huyo ndiye. Njeri akainuka, akamkimbilia kwa ule mteremko mpaka ukutani na kugusa buti lake. Mimi ndiye niliyelia. Nilikuwa nyuma kule kwenye kijumba, hakuna aliyeniona.

Walinunua. Wanjiru alimwambia memsahib kwamba nyumba ni nzuri ila kile chumba kipasuliwe madirisha, sakafu isawazishwe, na watoto walale humo, kwa sababu kipo upande wa jua. Memsahib akatoa masharti hayohayo kama yake. Bwana Somji aliugua. Alilazimika kupunguza bei kwa gharama ya mafundi, na mashine pamoja na jenereta vikaenda mnadani vikanunuliwa na mtu wa Kisumu. Mnisikie vizuri basi, wenzangu: kitu ambacho mwenye nyumba alikipenda kuliko vyote ndicho kilichopunguza bei yake. Nimeyaona hayo tena na tena, kwa chumba cha bilyadi, kwa bwawa la kuogelea, kwa banda la farasi. Anayeuza anauza ndoto yake, lakini anayenunua anataka mahali pa kuweka kitanda. Niliyashika hayo kwa miaka yangu yote ya kazi, na yamenilisha.

Siku ya kukabidhi funguo mafundi walikuwa wameshatoboa dirisha la kwanza. Bwana Picha alikuja mwenyewe kuchukua mikanda yake, maana hiyo haikuwamo katika mauzo. Aliipanga kopo kwa kopo kwenye sanduku la safari. Wanjiru alikuwa ameshahamia kwenye nyumba za wafanyakazi. Alikuja na Njeri akasimama mbele yake kwenye vumbi la saruji.

"Bwana," akasema, "naomba ile ya pareto."

Mzungu aliinua kichwa. "Wewe nani?"

"Mimi bibi ya Kamau."

Aliposikia jina, mikono yake ilisimama juu ya sanduku. Alisema hawezi kutoa mkanda ule, kwa sababu memsahib yake marehemu yumo pia, mwishoni, amekaa na mbwa. Nilimwamini. Nilikuwa nimemwona huyo mama na mbwa wake. Wanjiru alitikisa kichwa kukubali, lakini hakuondoka.

"Basi niambie moja tu. Alilala hapa ndani?"

Bwana Picha hakujibu. Alitazama kile chumba, mahali palipokuwa na kitambaa cheusi, na mwanga ulikuwa umejaa humo. Hakusema hapana. Nilisubiri aseme, kwa jinsi nilivyokuwa sitaki kusikia ndiyo. Nilimchukia mtu yule wakati huo, na bado, nikiandika, sijui kama nimeacha.

Kisha Bwana Picha akachukua lile kopo la pareto, akavuta mkanda, akauinua kwenye dirisha jipya, akautafuta kwa kidole. Alitoa mkasi kwenye sanduku lake la zana. Akakata mara ya kwanza, akakata mara ya pili, na kumpa Wanjiru kipande chenye urefu wa mkono. Akafunga sanduku, na hatukumwona tena.

Wanjiru alinyoosha kile kipande mbele ya dirisha. Mnajua mkanda ulivyo: vipicha vidogo vidogo, kimoja chini ya kingine, vyote kama ni kimoja. Njeri alisimama kwa ncha za vidole, akasogeza jicho.

"Mama, mbona amesimama? Kule alikuwa anatembea."

Mashine ilikuwa imeshakwenda Kisumu. Wanjiru alipiga goti, akamwekea ule mkanda karibu na jicho, akaanza kuuvuta chini kati ya vidole vyake, kipicha kwa kipicha.

"Anatembea," akasema. "Ni mimi nilikuwa nimesimamisha."